MASHIMO MEUSI KATIKA GALAKSI NDOGO: NANI ALIYAONA?



Katika namba iliyopita ya gazeti letu hili tuliweka habari fupi ya mistari minne, chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, pale nafasi ilipokuwa imebaki. Tuliandika kwamba wataalamu wa Marekani wameona mashimo meusi 13 katika galaksi ndogo kwa njia ya redio. Siku gazeti lilipotoka, mdogo wetu mmoja wa darasa la pili alikuja na karatasi mkononi akamwuliza mmoja wetu: « Yaya, mnasema shimo jeusi halionekani. Sasa nani aliona hayo 13 akayahesabu? »

Tulicheka kwanza. Kisha tukaona kwamba hatuko na jibu. Tukaenda kwa profesa wetu wa fizike. Naye hakutupa jibu, alitupa kazi: tusome, tuandike tena, na mara hii tuandike sawasawa. Tulipokwisha kusoma tuliona jambo la kutuhayarisha kidogo. Ile hesabu ya 13 ilikuwa ya mwaka 2020, nayo ilipimwa tena mwaka 2022, na kipimo cha pili kiliipunguza. Sisi tuliandika ya kwanza tu. Kwa hiyo makala hii ni maelezo, tena ni masahihisho.

1. SHIMO JEUSI NI KITU GANI?

Ukitupa jiwe juu, linapanda, linachoka, linarudi. Ukilitupa kwa nguvu zaidi, linapanda zaidi, lakini linarudi tu. Kusudi jiwe litoke kabisa katika mvuto wa dunia bila kurudi, inapasa liende mbio ya kilometa 11 kwa kila sekunde. Kwenye Jua, ambalo ni zito kupita dunia mara 330,000 hivi, inapasa mbio ya kilometa 618 kwa sekunde.

Sasa tufikiri: kama Jua lingefinywa, uzito ukibaki ule ule lakini mwili ukipungua, mbio ya kutoka ingezidi kuwa kubwa. Leo toka katikati ya Jua mpaka pembeni ni kilometa 700,000 hivi. Likifinywa mpaka kilometa 3 tu, mbio ya kutoka inafikia kilometa 300,000 kwa sekunde. Njo mbio ya nuru yenyewe, na hakuna kitu kinachoipita nuru. Basi, pale hata nuru haitoki. Hicho ndicho wanachokiita shimo jeusi. Si shimo kama yale ya wachimba dhahabu wa Salamabila. Ni uzito mwingi mno mahali padogo mno.

Watu wengine wanafikiri shimo jeusi linanyonya kila kitu kama mdomo wa mnyama. Hapana. Kama Jua lingegeuka shimo jeusi usiku huu, uzito wake ukiwa ule ule, dunia yetu ingeendelea kulizunguka vile vile. Tungekufa kwa baridi na giza, lakini tusingevutwa ndani. Kinachomezwa ni kile kinachokaribia sana.

Mashimo meusi yanayojulikana vizuri yako ya namna mbili. Ya kwanza ni madogo: uzito wa Jua mara tano, mara kumi, mara makumi kadhaa. Hayo yanatoka katika nyota kubwa zilizokufa. Ya pili ni makubwa ajabu, nayo yanakaa katikati ya galaksi kubwa. Katikati ya galaksi yetu liko moja lenye uzito wa Jua mara milioni 4. Katika galaksi inayoitwa M87 liko lenye uzito wa Jua mara miliari 6 na nusu. Picha ya lile la M87 ilitolewa tarehe 10 Aprili 2019, na ya lile la kwetu tarehe 12 Mei 2022, zote mbili kwa kuunganisha antene za redio za nchi mbalimbali.

Katikati ya namna hizi mbili ndipo penye fumbo. Mtoto anakua, anapita katika ujana, ndipo anakuwa mzee. Yale makubwa yalikuwa madogo wakati gani, na kiasi gani? Hilo ndilo jambo linalotafutwa katika galaksi ndogo.

2. KITU KISICHOONEKANA KINATAFUTWAJE?

Usiku, mtu akipita njiani na hana taa, humwoni. Lakini mbwa wanabweka. Shimo jeusi nalo linajulikana kwa vile vitu vya karibu vinavyofanya.

Jambo la kwanza ni mzunguko. Funga jiwe kwenye kamba ulizungushe juu ya kichwa. Ukiongeza mbio, mkono unapaswa kushika kwa nguvu zaidi. Vivyo hivyo, nyota inayozunguka kwa mbio kubwa inashuhudia kwamba katikati kuna kitu kizito kinachoishika. Kama pale katikati hakuna nyota inayoonekana, lakini uzito uko mwingi, tunaanza kuuliza. Kwa njia hii Reinhard Genzel na Andrea Ghez, na wenzao, walipima lile shimo la katikati ya galaksi yetu, wakafuata nyota moja inayolizunguka kwa miaka 16. Mwaka 2020 wakapewa zawadi ya Nobel.

Jambo la pili ni moto. Hewa ya angani inayoanguka kuelekea shimo jeusi inazunguka kwanza, inasuguana, inapata moto wa mamilioni ya digri. Kabla ya kupotea inatoa miali ya eksi, namna ile ile ya miali ya hospitali inayopiga picha ya mifupa. Tena, sehemu nyingine ya hewa ile haiingii ndani: inatupwa nje kama maji ya bomba lililotoboka, nayo inatoa mawimbi ya redio.

Hapa tunapenda kusimama kidogo, kwa sababu lugha yetu wenyewe imo katika habari hii. Miali ya eksi kutoka nyota haipiti katika hewa ya dunia, basi inapasa kupanda juu kuitafuta. Tarehe 12 Desemba 1970, chombo cha kwanza kilichofanywa kwa kazi hiyo tu kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya. Waitalia ndio waliokuwa na jukwaa, Wamarekani walikuwa na chombo. Siku ile Kenya ilikuwa inakumbuka miaka saba ya uhuru wake. Kwa heshima ya nchi ile chombo kikapewa jina la Kiswahili: UHURU.

Kiswahili kilitoka pwani kikafika huku Kasongo kwa miguu, pamoja na misafara. Kutoka pwani ile ile neno moja likapanda angani. Mpaka leo vitu 339 vya orodha ya mwisho ya chombo kile vinaandikwa kwa alama ya 4U, na ile U ni Uhuru. Wataalamu wa Japani na wa Ujerumani wanaiandika kila siku.

Uhuru ilikiangalia kitu kimoja kinachoitwa Cygnus X-1, ikaona miali yake inachezacheza kwa nafasi fupi kuliko sekunde. Kitu kinachobadilika upesi hivyo hakiwezi kuwa kikubwa. Lakini Uhuru haikuweza kuonyesha ni nyota ipi hasa, kama mtu anayesikia sauti kijijini na hajui inatoka nyumba gani. Mwaka 1971 antene za redio za Uholanzi na za Marekani ndizo zilizotaja nyumba. Walipoiangalia nyota ya mahali pale, waliona inazunguka na mwenzake asiyeonekana kwa muda wa siku 5 na nusu na zaidi kidogo. Huyo mwenzake ni shimo jeusi. Mwaka 2021, tena kwa redio, uzito wake ulipimwa upya: mara 21 uzito wa Jua.

3. REDIO INASIKIA NINI?

Sote tunajua jambo hili. Mvua kubwa ikikaribia, fungua redio kwenye mawimbi mafupi: inapasuka krrr, krrr, hata kabla hatujasikia ngurumo. Umeme wa radi unatoa mawimbi ya redio.

Miaka ya 1930, huko Marekani, kijana mhandisi jina lake Karl Jansky alitumwa na kampani yake ya simu kutafuta makelele hayo yanatoka wapi, kwa sababu yalisumbua mazungumzo ya kuvuka bahari. Akajenga antene kubwa juu ya magurudumu ya motokari, akaigeuza pande zote. Alikuta makelele ya namna tatu: ya radi za karibu, ya radi za mbali, na mlio mwembamba usiokoma, ssss, usiojulikana. Mlio ule ulirudi mahali pake kila baada ya saa 23 na dakika 56.

Kwa nini dakika 4 zilipunguka? Ninyi wenyewe mnaweza kuona. Chagua nyota moja inayogusa ncha ya paa ya bweni, andika saa. Kesho itafika pale dakika 4 mbele. Jua linarudi kila saa 24, lakini nyota zinarudi kwa saa 23 na dakika 56. Kwa hiyo mlio wa Jansky haukutoka duniani wala katika Jua. Ulitoka katika nyota, upande wa katikati ya Njia ya Maziwa. Alitangaza habari ile mwaka 1933. Mwaka 1974, Bruce Balick na Robert Brown walikuta upande ule nukta moja ndogo sana ya redio. Ndiyo lile shimo jeusi la milioni 4 tuliyolitaja.

Redio iko na faida mbili juu ya macho. Kwanza, vumbi la angani linazuia nuru lakini haliyazuii mawimbi ya redio, kama vile redio yako inavyosikia ingawa madirisha yamefungwa. Pili, shimo jeusi linalokula kidogo tu haliangazi sana, hata miali yake ya eksi inaweza kuwa haba. Lakini mara nyingi bado linatoa redio.

Shida ya redio ni moja: mawimbi yake ni marefu, basi picha yake inakuwa na ukungu. Ili kuona sawasawa inapasa antene kubwa mno. Hakuna fundi anayeweza kujenga sahani ya kilometa 30. Wataalamu wakapata akili: wanaweka sahani nyingi mbali mbali, kisha wanaunganisha habari zao kama sahani moja. Ile maarufu iko jangwani New Mexico, Marekani, na jina lake ni VLA. Iko na sahani 27, kila moja upana wake meta 25, zimepangwa kwa mfano wa herufi Y juu ya reli. Zikitawanywa kabisa, zinafanya kazi kama sahani moja ya kilometa 36. Ilifunguliwa mwaka 1980, na mwaka 2012 iliongezewa jina la Jansky.

4. GALAKSI NDOGO NI NINI, NA KWA NINI ZINATAFUTWA?

Galaksi ni kama kijiji cha nyota. Galaksi yetu ni mji mkubwa: nyota zaidi ya miliari 100. Galaksi ndogo, wanazoziita galaksi kibete, ziko na nyota chache zaidi, pengine miliari chache, pengine milioni chache tu.

Msifikiri ni kitu cha vitabu. Sisi wa Kasongo na Kabambare tunaziona mbili kwa macho bila chombo. Mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza, usiku wa saa nne au saa tano, kama mvua imesafisha hewa na mwezi haupo, simama mahali pasipo taa uangalie kusini, si juu sana. Utaona vipande viwili kama vya wingu jeupe. Upepo ukivuma mawingu mengine yanakwenda, haya mawili hayaendi. Ndiyo Mawingu ya Magellan. Lile kubwa liko mbali miaka ya nuru 160,000 hivi, maana yake nuru unayoiona usiku huu iliondoka kule miaka 160,000 iliyopita. Lile dogo liko mbali miaka 200,000 hivi. Watu wa Ulaya ya kaskazini hawayaoni hata siku moja. Wapendwa, hapa tumewapita.

Wingu Kubwa ndilo linalotumiwa kuwa kipimo: galaksi isiyolizidi kwa uzito wa nyota zake inahesabiwa kuwa ndogo. Ndani yake mwaka 1971 chombo chetu Uhuru kilikuta kitu kinachoitwa LMC X-3, ambacho baadaye kilijulikana kuwa shimo jeusi la namna ile ndogo, uzito wa Jua mara 7 hivi. Na mwaka 2025 wataalamu waliofuata nyota zinazokimbia mbio za ajabu walionyesha kwamba pengine liko ndani yake shimo jingine, lenye uzito wa Jua mara 600,000 hivi, linalozirusha nyota zile kama kombeo. Hilo bado linachunguzwa.

Kwa nini kujisumbua na galaksi ndogo? Kwa sababu galaksi kubwa zimekula nyingine na kugongana mara nyingi. Shimo lililomo katikati yake nalo limekula na kukua, mpaka alama za utoto wake zimefutika. Galaksi ndogo hazikula sana. Shimo lililomo ndani yake, kama limo, limebaki karibu na kiasi chake cha mwanzo. Ni kama kutaka kujua mbegu ya muti: usiangalie muti mzee wa miaka mia, angalia mche.

Wataalamu wako na mawazo mawili juu ya mbegu ile. Wengine wanasema ilikuwa ndogo, uzito wa Jua mara 100 hivi, kutoka nyota za kwanza zilizokufa. Wengine wanasema wingu zima la hewa lilianguka ndani yake lenyewe, likafanya mara moja shimo la uzito wa Jua mara 10,000 mpaka 100,000. Kama mbegu zilikuwa ndogo na nyingi, galaksi ndogo nyingi zitakuwa na shimo. Kama zilikuwa kubwa na haba, galaksi ndogo nyingi zitakuwa tupu. Kwa hiyo kuhesabu si mchezo. Hesabu ndiyo inayoamua. Na sisi tulicheza na hesabu hiyo katika mistari minne.

5. KAZI YA AMY REINES

Mama mmoja mtaalamu, Amy Reines, alipokuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu cha Virginia, alikuwa anachunguza galaksi ndogo iitwayo Henize 2-10, mbali miaka ya nuru milioni 30 hivi. Hakutafuta shimo jeusi. Alitafuta namna nyota zinavyozaliwa, kwa sababu galaksi ile inazaa nyota kwa wingi. Katika habari za VLA aliona nukta ya redio isiyolingana na mahali pa kuzalia nyota. Akalinganisha na miali ya eksi: nukta iko pale pale. Mwaka 2011 akatangaza na wenzake kwamba ni shimo jeusi la uzito wa Jua mara milioni moja hivi.

Wengine hawakukubali. Walisema pengine ni masalio ya nyota iliyopasuka, maana nyota iliyopasuka nayo inatoa redio na miali ya eksi. Mabishano yaliendelea miaka mingi. Mwaka 2022, kwa darubini ya Hubble, Reines na mwanafunzi wake Zachary Schutte walionyesha mkondo mwembamba wa hewa unaotoka katika nukta ile mpaka mahali nyota mpya zinapozaliwa, kama mfereji kutoka kisimani mpaka shambani.

Lakini galaksi moja haitoshi kujibu swali la mbegu. Mwaka 2013 Reines na wenzake walipitia nuru ya galaksi ndogo karibu 25,000, wakapata zaidi ya 100 zenye dalili. Nuru, hata hivyo, inadanganywa na nyota changa zinazowaka sana. Ndipo wakarudi kwenye redio. Walichukua orodha kubwa ya galaksi ndogo, wakailinganisha na ramani ya redio iliyokwisha kufanywa zamani. Zikabaki galaksi 111. Wakaziangalia moja moja kwa VLA, kwa mawimbi ya urefu wa sentimeta 3 hivi. Katika 39 waliona nukta za redio.

Hapa kazi ya kuosha mchanga ilianza. Wale wanaotafuta dhahabu mtoni wanajua: si kila kinachong'aa katika karai ni dhahabu. Reines na wenzake walijiuliza kwa kila nukta: je, nyota zinazozaliwa pale zinaweza kutoa redio nyingi hivi? Je, nyota iliyopasuka inaweza? Palipokuwa na jibu « inaweza », waliitupa. Mwaka 2020 wakatangaza kwamba zimebaki 13 ambazo karibu kwa hakika ni mashimo meusi, wastani wa uzito wa Jua mara 400,000. Na ajabu: karibu nusu hazikuwa katikati ya galaksi yao. Zilikuwa pembeni, kama zinatembea tu. Maelezo yao: galaksi ndogo iko na mvuto mdogo, na ikigongana na nyingine, shimo linaweza kusukumwa nje ya kiti chake lisirudi.

Hapo ndipo habari yetu ya mistari minne ilipokoma. Lakini habari yenyewe haikukoma.

6. MOTO WA KIJIJI AU MOTO WA KILIMA?

Wakati wa kiangazi watu wakichoma majani, usiku unaweza kuona moto nyuma ya nyumba za kijiji cha mbali. Unasema: « Kijiji kinaungua! » Ukikaribia, unakuta moto uko kwenye kilima, mwendo wa saa tatu nyuma ya kijiji. Vilikuwa mstari mmoja tu machoni pako.

Angani pia iko vile. Nyuma ya galaksi ndogo, mbali sana kupita yenyewe, kunaweza kuwa galaksi kubwa yenye shimo kubwa linalotoa redio kwa nguvu. Kwetu zinaonekana mahali pamoja. Reines na wenzake walijua hatari hii, wakaihesabu. Lakini inapasa kuangalia kwa jicho kali zaidi.

Jicho hilo ni VLBA: sahani 10 zilizotawanywa kutoka visiwa vya Hawaii mpaka visiwa vya Virgin, zaidi ya kilometa 8,000, zikifanya kazi pamoja. Kundi lililoongozwa na Andrew Sargent liliangalia zile nukta 13 moja moja. Matokeo yalitoka mwaka 2022.

Nukta 4 zilionekana waziwazi: ndogo sana, kali sana, kama shimo jeusi linavyopaswa kuwa. Tulipofika hapo tulifurahi. Kisha tukasoma mstari unaofuata. Zile 4 ndizo zilizokuwa mbali kabisa na katikati ya galaksi zao. Kama yangekuwa mashimo yanayotembea, kwa nini yaonekane yale ya pembeni kabisa peke yake? Inaelekea zaidi kwamba hizo 4 ni moto wa kilima: mashimo meusi kweli, lakini ya galaksi nyingine za nyuma.

Zile 9 nyingine hazikuonekana kwa VLBA. Maana yake redio yao haitoki katika nukta moja kali, imetandazwa. Ni kama ngoma usiku: kwa mbali unafikiri ni ngoma moja kubwa, ukikaribia unakuta ngoma ndogo nyingi. Pengine ni nyota changa nyingi pamoja. Pengine ni mkondo uliotupwa na shimo jeusi na kutanda. Walipohesabu, waliona kama 5 kati ya zile 9 hazielezeki kwa nyota peke yake. Na nyingine 2 ziko katikati ya galaksi zao, na nuru yake pia inashuhudia shimo jeusi.

Basi, jibu letu kwa mdogo wetu wa darasa la pili ni hili. Nani aliona hayo 13? Kwa macho, hakuna. Watu waliona nukta 13 za redio, wakatoa sababu nzuri. Wengine wakapima tena kwa chombo kikali zaidi, na wakaona kwamba baadhi si ya galaksi zile. Hesabu bado haijafungwa.

Mtu mwingine atasema: « Basi walikosea. » Sisi hatuoni hivyo. Waliosema 13 walitaja galaksi zote moja moja, mahali pake na nguvu zake, kusudi mtu mwingine aweze kurudi kupima. Aliyekosea ni yule aliyeandika 13 bila kueleza, wala kuangalia kama kuna kipimo cha pili. Ni sisi.

7. NA SISI WA HUKU?

Tusifikiri kazi hii ni ya Marekani tu. Katika Afrika ya Kusini, katika nchi kavu ya Karoo, kuna MeerKAT, sahani 64, kila moja ya upana wa meta 13 na nusu. Ilifunguliwa tarehe 13 Julai 2018, na mwaka 2022 ilitoa picha ya redio ya katikati ya galaksi yetu yenye mambo mengi ambayo hayakuonekana mbele. Kando yake inajengwa nyingine kubwa zaidi, SKA, na Kenya, Zambia na Msumbiji ni kati ya nchi zinazoshirikiana katika kazi ile.

Tena ndani ya vyombo vingi vya elektroniki, simu na redio, mna vipande vidogo vya madini ya tantale, yanayotoka katika koltani. Koltani inachimbwa katika Maniema yetu. Mchanga wetu umekwisha kuingia katika vyombo. Sasa inabaki sisi wenyewe tuingie, kwa hesabu na kwa fizike. Tunawaambia hasa wale wanaokimbia hesabu katika darasa la tatu.

Na wale wanaouliza kama mambo haya yanapingana na imani: kitabu cha Ayubu kinataja Kilimia na nyota nyingine kuwa kazi ya Muumba. Hakuna aliyekatazwa kuziangalia. Bali tumekatazwa kushuhudia uongo, na tunaona amri hiyo haiishii barazani mbele ya mwamuzi. Inafika hata katika gazeti la shule, hata juu ya nyota.

Kwa hiyo tunaomba kila mwenye namba iliyopita achukue kalamu. Pale chini ya ukurasa wa mwisho, palipoandikwa « mashimo meusi 13 », afute, aandike: « nukta 13 za redio, zilipimwa tena mwaka 2022, baadhi pengine ni za galaksi za nyuma ». Nafasi ni ndogo, lakini ukiandika herufi ndogo itaenea.

Mdogo wetu, asante kwa swali lako. Ukiwa na lingine, lete.

Sisi waandishi wa kilabu cha sayansi.